Kuhamisha ufunguo wa siri kwenda kompyuta mpya: folda nzima, faili moja, kadi, au utengeneze mwingine?

Mama mmoja mtafiti tunayefanya naye kazi hapa Dodoma alinipigia simu kabla sijamaliza chai.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba mwanangu. Hii mashine mpya imekataa nywila yangu. Nywila ni ile ile, miaka yote naitumia hiyo hiyo.”

“Inaandika nini ikikataa?”

“Inasema nimekosea. Nimerudia mara tatu, nikaacha. Nimeogopa isije ikajifunga na barua zangu zote zimo humo.”

Nilimwambia atulie. Ufunguo wa GnuPG, programu ya kufunga barua na mafaili ili asiyehusika asiyasome, ukiwa kwenye diski haujifungi kwa kukosewa mara tatu. Kinachojifunga hivyo ni kadi, na nitaifikia. Nywila yake pia ilikuwa sahihi. Shida ilikuwa kibodi. Kompyuta yake ya zamani ilikuwa ya mtumba kutoka Uingereza, na kwenye mpangilio wa Uingereza alama ya @ iko upande wa kulia, karibu na Enter. Mpya imewekewa mpangilio wa Marekani, ambako @ iko juu ya namba 2, na pale vidole vyake vilipozoea kuikuta hutoka alama ya kunukuu. Dirisha la nywila huonyesha vitone tu, kwa hiyo angeweza kurudia kosa lile lile hadi jioni bila kuliona. Tulibadilisha mpangilio wa kibodi kwenye mipangilio ya kompyuta, akaandika, ikafunguka.

Wengi wanaoniletea malalamiko ya nywila baada ya kuhama kompyuta, nywila wanayo. Kilichoharibika kiliharibika wakati wa kuhamisha, na kila njia ya kuhamisha ina matatizo yake. Ndiyo maana nalinganisha njia zenyewe hapa, nikilenga wanaotumia GnuPG: kwenye Linux moja kwa moja, kwenye Windows kupitia Gpg4win na dirisha lake la Kleopatra, au kwenye Mac kupitia GPG Suite. Thunderbird (programu ya barua pepe) na SSH (njia ya kuingia kwenye seva kwa mbali) nitazigusa kwa sababu watu huzichanganya na hizo.

Jambo hili si la mafundi peke yao. Wenzetu wanatoka Kondoa, Mpwapwa na Manyoni na mahojiano ya wagonjwa, majina na namba za simu za watu waliotuamini. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka anayeshika taarifa za watu azilinde. Ufunguo ukipotea, mahojiano hayasomeki tena. Ukivuja, yanasomwa na asiyehusika.

Nywila inakaa wapi

Nywila ya ufunguo haifanani na nywila ya barua pepe. Haiko kwenye seva ya mtu yeyote, na hakuna mahali pa kubonyeza ukisahau ili utumiwe nyingine. Kazi yake ni moja tu: kufunga faili la ufunguo lililo mikononi mwako. Kufuli linasafiri na faili. Kompyuta mpya haijui chochote kuhusu nywila yako zaidi ya kile kilichomo ndani ya faili ulilolileta.

Kutokana na hilo, kila nakala ina kufuli lake. Ukiweka nakala kwenye flashi mwaka 2021, kisha 2023 ukabadilisha nywila kwenye kompyuta, ile ya kwenye flashi bado inafunguka kwa nywila ya 2021. Haikupata habari za mabadiliko. Nimeona mtu akihangaika siku mbili na nakala ya akiba, akiandika nywila mpya kwa usahihi kabisa, kumbe faili linangoja ile ya zamani.

Folda nzima

Hii ndiyo njia ya kwanza inayomjia mtu kichwani: chukua folda ya GnuPG yote, ibandike kwenye mashine mpya. Kwenye Linux na Mac inaitwa `.gnupg` na iko ndani ya folda yako ya nyumbani. Kwenye Windows iko ndani ya `%APPDATA%\gnupg`.

Uzuri wake ni ukamilifu. Unapata funguo zako za siri, funguo za umma za wenzako wote (zile za kuwafungia barua) uliokusanya kwa miaka, mipangilio yako, na rekodi ya nani umesema unamwamini. Kama una watu hamsini unaoandikiana nao, kuwakusanya upya ni kazi.

Ubaya wake unaanzia kwenye nukta. Jina linaloanza na nukta hufichwa, kwa hiyo mtu anachagua kila kitu anachokiona kwenye folda yake, ananakili kwenye flashi, anaondoka ameridhika, na `.gnupg` imebaki nyuma. Bonyeza Ctrl+H kwenye kidirisha cha mafaili cha Linux na utaiona. Kwenye Windows, folda ya AppData nayo imefichwa vivyo hivyo.

Kuna mwingine anayeingia ndani ya folda na kuchagua mafaili. Anachukua `pubring.kbx` kwa kuwa ni kubwa na linaonekana la maana, na anaacha folda ndogo ya `private-keys-v1.d`. Alichobeba ni funguo za umma tupu. Tangu GnuPG 2.1, iliyotoka Novemba 2014, funguo za siri hukaa humo ndani, kila mmoja kwenye faili lenye jina refu la herufi na tarakimu linaloishia na `.key`. Kabla ya hapo zilikaa pamoja kwenye faili liitwalo `secring.gpg`. Kama nakala yako ni ya enzi hizo, usilitumbukize tu `secring.gpg` ndani ya folda mpya ukitarajia litasomwa: programu huligeuza mara moja tu, ikaacha alama iliyofichwa kwamba kazi imekwisha, na haitalitazama tena. Liingize kwa amri:

`gpg --import secring.gpg`

Flashi nazo zina lao. Nyingi zimepangwa kwa FAT32 au exFAT, na mipangilio hiyo haitunzi ruhusa za mafaili za Linux. Ukibandika folda kwenye mashine mpya, GnuPG inalalamika kwamba ruhusa za folda si salama. Hilo ni onyo, na dawa yake ni `chmod 700 ~/.gnupg`, kisha 600 kwa mafaili yaliyomo ndani. Kabla ya kunakili, zima kwanza huduma zake kwa `gpgconf --kill all`, vinginevyo unaweza kubeba mafaili ya `.lock` yanayoiambia mashine mpya kwamba ufunguo unatumiwa na mashine ambayo haipo tena. Halafu usitoke toleo jipya kwenda la zamani: GnuPG 2.4 inaweza kuwa imehifadhi funguo za umma kwa namna ambayo toleo la nyuma halielewi.

Lakini kasoro inayonisumbua zaidi ni kwamba njia hii haikuulizi nywila hata mara moja. Unaweza kubeba folda yote, ukafuta kompyuta ya zamani, ukaigawa, na siku ya kwanza ya kufungua barua ndipo unagundua kwamba nywila hukumbuki.

Faili moja

Njia ya pili ni kuiambia programu itoe ufunguo wako wa siri kama faili moja:

`gpg --armor --output ufunguo.asc --export-secret-keys anwani-yako`

Kwenye Kleopatra, bofya ufunguo wako kwa kitufe cha kulia cha kipanya na uchague kuhifadhi nakala ya ufunguo wa siri. Ukifika kwenye mashine mpya:

`gpg --import ufunguo.asc`

Hapa programu inakuomba nywila pale pale, kwenye mashine ya zamani, kabla faili halijatoka. Ukiikosea, unajua ukiwa bado kwenye kompyuta iliyo na kila kitu chako. Kwangu hiyo ndiyo sababu kubwa ya kuichagua kuliko folda, na inazidi uzito wa mambo yote mengine niliyoyataja.

Tahadhari ni moja. Ajenti wa GnuPG, programu ndogo inayoshika nywila kwa niaba yako, huikumbuka kwa muda: kwa kawaida sekunde 600, muda huo huanza upya kila unapoitumia, na mwisho wake ni sekunde 7200, yaani saa mbili. Kama umetoka kufungua barua dakika tano zilizopita, huenda kumbukumbu hiyo ikakuficha kwamba nywila umeisahau. Msahaulishe kwanza kwa `gpgconf --kill gpg-agent`, ndipo utoe. Usishtuke pia ukiulizwa zaidi ya mara moja. Ufunguo mmoja huwa na shina (ufunguo mkuu) na matawi (funguo ndogo zilizo chini yake), na kila sehemu inaweza kuombewa nywila; kuulizwa tena hakumaanishi kwamba ya kwanza ilikuwa makosa.

Kosa la kawaida hapa ni kusahau maneno `secret-keys`. Amri ya `--export` peke yake hutoa ufunguo wa umma. Fungua faili kwa kihariri cha maandishi na usome mstari wa kwanza: ukikuta “PRIVATE KEY BLOCK” uko salama, ukikuta “PUBLIC” umebeba kitu ambacho hata adui yako anaruhusiwa kuwa nacho. Kwenye Windows kuna mtego mwingine: ukitumia PowerShell ya kawaida na alama ya `>` kupeleka matokeo kwenye faili, huligeuza kuwa usimbaji mwingine wa maandishi na faili linaharibika. Tumia `--output` kama nilivyoandika hapo juu.

Faili hili halibebi rekodi ya uaminifu. Ukiliingiza kwenye mashine mpya, ufunguo wako mwenyewe utaonekana kama wa mtu usiyemjua. Ama uhamishe rekodi hiyo kwa `--export-ownertrust` na `--import-ownertrust`, ama uiambie programu upya kwamba huyu ni wewe. Kleopatra hukuuliza yenyewe. Funguo za umma za wenzako utazitoa kwa `--export` bila kutaja jina.

Ukiziweka bega kwa bega: folda inahamisha zaidi lakini haikuhakikishii kitu, faili linahamisha kidogo lakini limepimwa. Folda inafaa kama pande zote mbili ni Linux, toleo ni sawa au jipya zaidi, na umeshaipima nywila yako kwanza. Faili linafaa kila mahali pengine, hasa kutoka Windows kwenda Linux au kinyume chake. Na kwa sisi wenye kompyuta za zamani ambazo betri imekufa na zinaishi kwa umeme wa ukutani, faili la kilobaiti chache hutoka kabla umeme haujapata nafasi ya kukatika.

Kuhusu kulibeba: usijitumie kwa WhatsApp wala barua pepe, hata kama lina nywila. Likishapita huko linabaki kwenye simu na seva usizozimiliki, na anayelipata ana miaka ya kubahatisha. Flashi au waya kati ya mashine mbili inatosha. Na tafadhali, ukiwa unatoka Dar kwa treni ya SGR, flashi isikae kwenye begi moja na kompyuta, na karatasi yenye nywila isikae kwenye begi lolote kati ya hayo. Begi likishuka Morogoro na mtu mwingine, ameshuka na nyumba, ufunguo na mwenye nyumba.

Kadi

Kadi ya usalama, au kifaa kidogo cha USB kama YubiKey, hubadilisha swali lenyewe. Ufunguo ukishahamishiwa humo kwa amri ya `keytocard` hauwezi kutolewa tena. Kazi ya kufungua na kusaini hufanyika ndani ya kifaa. Kuhama kompyuta kunakuwa kuchomeka tu: unaingiza ufunguo wako wa umma kwenye mashine mpya, unaandika `gpg --card-status`, umemaliza.

Lakini kuna vitu viwili watu hawaambiwi mapema. Kwanza, ukihifadhi mabadiliko baada ya `keytocard`, ufunguo unaondoka kwenye diski na kinabaki kivuli kinachosema uko kadini. Usipoweka nakala kabla ya hapo, kadi ikipotea ufunguo umepotea. Pili, nywila yako ya zamani haitumiki tena. Kadi ina namba yake ya siri, kwa kawaida ikitoka kiwandani ni 123456, na ya msimamizi ni 12345678. Zibadilishe zote mbili siku hiyo hiyo. Ukikosea ya kwanza mara tatu kadi inajifunga, na utaifungua kwa ya msimamizi. Ukikosea ya msimamizi mara tatu, kilichobaki ni kuifuta kadi yote.

Nampendekezea kadi mtu anayetumia kompyuta mbili au tatu kila siku, moja ofisini na moja nyumbani. Kwa anayehama mara moja katika miaka mitano, ni gharama na mzigo wa kukumbuka ambao haulipi.

Karatasi

Si njia ya kuhamia, ni akiba. Programu ya paperkey huondoa kwenye ufunguo kila kitu kinachopatikana kwingine na kubakiza sehemu ya siri tu, ili iwe fupi kuchapa. Bado imefungwa kwa nywila. Wengi hapa mjini wana hati ya kiwanja wanayoitunza kuliko dhahabu. Iweke pamoja nayo.

Kutengeneza ufunguo mpya

Kama kompyuta ya zamani imeibwa, au uliwahi kuipeleka kwa fundi ikarudi na programu usizozijua, usihamishe ufunguo. Utakuwa unahamisha wasiwasi. Tengeneza mpya, batilisha wa zamani, uwajulishe unaoandikiana nao. Hati ya kubatilisha GnuPG hukutengenezea yenyewe tangu toleo la 2.1, na iko ndani ya `openpgp-revocs.d`. Haihitaji nywila, jambo ambalo ni msaada mkubwa kwa aliyesahau. Ndani yake, mbele ya vistari vitano vya mstari wa BEGIN, pana nukta mbili (:) zilizowekwa makusudi ili usiitumie kwa bahati mbaya. Ziondoe, kisha uiingize kwa `--import`.

Bei ya njia hii ni barua za zamani. Kilichofungwa kwa ufunguo wa zamani kitafunguliwa na ufunguo wa zamani pekee, kwa hiyo kama nakala yake bado unayo na nywila unaijua, uutunze kwa kusomea.

Hapa ndipo SSH inapotofautiana kabisa, na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) wanaoniuliza huwa wanashangaa. Ufunguo wa SSH haufungi barua zilizopita, unafungua mlango wa seva tu. Kwa hiyo kwenye mashine mpya natengeneza mpya bila kusita, naongeza ufunguo wake wa umma kwenye seva nikiwa bado na mashine ya zamani, kisha naondoa ule wa kwanza. Ukilazimika kuuhamisha, faili liwe na ruhusa ya 600, la sivyo SSH italikataa ikionya kwamba halijalindwa, na watu hudhani nywila ndiyo mbaya. Kuipima nywila yake, andika `ssh-keygen -y -f` ukifuatiwa na jina la faili.

Thunderbird ni nyumba nyingine

Tangu toleo la 78 la mwaka 2020, Thunderbird ina ghala lake la funguo na haitegemei tena Enigmail, kiongezi chake cha zamani kilichotumia GnuPG. Kwa kawaida funguo zake haziko ndani ya `.gnupg`. Anayehamisha folda hiyo kwa uangalifu wote akifungua Thunderbird mpya atakuta patupu. Hamisha wasifu wote wa Thunderbird, au ingia kwenye kidhibiti chake cha funguo utoe nakala ya ufunguo wa siri. Itakuomba uweke nywila mpya ya kulifunga faili hilo. Kwenye mashine mpya andika hiyo mpya uliyoweka dakika chache zilizopita. Ile uliyokuwa ukiitumia kwenye GnuPG haihusiki.

Nywila ikikataa

Soma kwanza ujumbe wenyewe. “No secret key” maana yake ufunguo haupo hapa. Rudi kwenye kuhamisha, usiguse nywila. Andika `gpg -K` uone. Ukiona `sec` ufunguo mkuu upo. Ukiona `sec#` shina halikuja, kuna matawi tu. `sec>` inasema uko kwenye kadi. “No pinentry” inasema programu ya kukuonyesha dirisha la nywila haijawekwa, hivyo hata hujaulizwa. “Inappropriate ioctl for device” hutokea ukiwa umeingia kwenye mashine kwa mbali, na hutibiwa kwa `export GPG_TTY=$(tty)`. Kwenye Windows dirisha la nywila wakati mwingine hujificha nyuma ya madirisha mengine, na mtu anakaa akisubiri kompyuta iliyokuwa ikimsubiri yeye.

Ni “Bad passphrase” pekee inayohusu nywila yenyewe. Ipime bila kuhatarisha kitu:

`gpg --dry-run --passwd anwani-yako`

Amri hii inakagua nywila bila kuibadilisha. Ikikataa, zima intaneti, fungua kihariri cha maandishi, andika nywila hapo uione kwa macho, ufunge bila kuhifadhi. Hapo ndipo @ iliyogeuka alama ya kunukuu inapojionyesha, au herufi kubwa zilizowashwa, au tarakimu zisizotoka kwa sababu NumLock imezimwa.

Kwa waandishi wa Kiswahili kuna jambo ambalo miongozo ya wenzetu haiwezi kulitaja: ile alama ya ng'. Kijana mmoja alitengeneza nywila yenye neno ng'ombe, akaiandika kwanza kwenye Word kisha akaibandika. Word iliigeuza alama hiyo iliyonyooka kuwa iliyopinda. Miaka miwili aliendelea kubandika, ikawa inafunguka. Alipohamia mashine mpya na kuiandika kwa vidole, alama iliyonyooka, ikakataa. Machoni ni neno moja, kwa kompyuta ni mawili. Ubaya mwingine uko kwenye mpangilio wa kibodi uitwao US International: alama hiyo ikifuatiwa na o huungana nayo kuwa ó, na ng'ombe wako anakuwa ngómbe. Mkazi wa Chang'ombe au Ng'ong'ona akiweka jina la mtaa wake kwenye nywila anajitafutia safari ya kwangu.

Kwa hiyo ninapowasaidia watu kuweka nywila mpya nawaambia: maneno sita au saba ya Kiswahili yasiyohusiana, yaliyochaguliwa kwa bahati, herufi ndogo za a hadi z tupu, nafasi katikati, bila ng' na bila alama. Herufi hizo hazihami kati ya kibodi ya Uingereza na ya Marekani. Urefu unalipa pengo la alama zilizoachwa. Msitumie methali wala mstari wa wimbo wa kwaya. Kinachojulikana na watu wote hubahatishwa mapema.

Kuna walioisahau kweli, na mara nyingi si kosa lao. Linux yenye GNOME (mojawapo ya mionekano yake ya madirisha) na Mac huweza kukuhifadhia nywila. Mtu alitia alama kwenye kisanduku mwaka wa kwanza, hakuulizwa tena. Kama wewe ni mmoja wao na mashine ya zamani bado inawaka, usiiguse kwa kuifuta. Fungua Keychain Access kwenye Mac utafute kilichoandikwa GnuPG, au kidhibiti cha nywila na funguo kwenye GNOME, uionyeshe na kuiandika. Hapo ndipo mahali pekee duniani nywila hiyo ilipobaki.

Kama haipo hata huko, jaribu ulizowahi kuzitumia wakati ule, na tofauti zake: herufi kubwa mwanzoni, nafasi iliyozidi mwishoni, mwaka wa zamani. Zikiisha, hakuna fundi wa Dodoma wala wa Marekani atakayeufungua, na anayekuomba fedha akiahidi kuufungua anakudanganya. Batilisha, uanze upya.

Ninachochagua

Kwa yule mama nilitumia faili moja, na funguo za umma za wenzake kando. Kwa ofisi yetu, ambako mashine tatu za Linux zilihama siku moja, tulichukua folda nzima, lakini kila mtu aliandika nywila yake mbele ya mashine ya zamani, ajenti akiwa amezimwa, kabla ya kunakili. Mmoja alishindwa. Tulikuwa bado na muda: nywila yake ilikuwa imehifadhiwa kwenye GNOME, tukaipata pale pale.

Mashine ya zamani haiondoki hadi mpya ifanye mambo matatu: ifungue barua ya miaka iliyopita, isaini barua mpya, na ifungue jibu ambalo mtu mwingine amelifunga kwa ufunguo wako. Kisha faili la `ufunguo.asc` lifutwe kwenye mashine zote mbili. Kwenye flashi, kufuta hakutoshi kwa kuwa data hubaki chini. Mimi flashi hiyo naiweka kabatini iwe ndiyo nakala ya akiba, na nje yake naandika mwezi na mwaka ili nijue inafunguka kwa nywila ya lini. Kompyuta ya yule mama ilikaa wiki tatu juu ya kabati lake. Jambo la tatu lilipotimia nikaifuta diski yote, na sasa mjukuu wake anaandikia ripoti za shule.